Sura ya Mama Yako Niliyoshindwa Kuichapa

Somoe mwanangu,

Barua za watu huanza kwa mwandishi kusema yeye ni mzima. Mimi si mzima. Nimekaa uani kwenye kile kiti changu kibovu, saa nane mchana, wino umenijaa mpaka viwikoni, na wewe uko Mbagala kwa msusi unasukwa nywele za safari. Umesema utarudi alasiri. Nina muda huo tu, maana kwa mdomo nimeshajaribu mara tatu wiki hii na kila mara nimeishia kukuuliza kama umekula.

Kesho unaondoka kwenda Kigoma kuanza kazi ya ualimu. Sitakuandikia habari za chandarua wala maji ya kuchemsha, wala aina ya watu wa kukaa nao mbali. Tangu uko darasa la tano ni wewe uliyekuwa unanikumbusha mimi kula. Nakuandikia kwa sababu nilifanya jambo ulipokuwa mdogo, nikalifunika kwa uongo, na uongo huo nikaufunika kwa mwingine mbaya zaidi. Ukipanda basi kesho bila kujua, sidhani kama nitapata tena ujasiri huu.

Nianzie kwenye kioo, kwa sababu bila kioo nisingefika hapa.

Unakumbuka uliporudi kutoka kwenye yale mafunzo ya siku tatu ya kuchapa picha kule Kawe. Ulikuja na kipande cha kioo cha dirisha kilichosagwa kingo, rola ndogo ya mpira na makopo mawili ya wino mweusi. Mimi nilikuwa na miezi minane sijashika tezo. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi kuanzia vidoleni, na daktari alikuwa ameniambia nisahau habari za kuchonga. Miaka thelathini nimechonga mpingo, halafu nikawa mtu wa kukaa barazani na kugombana na kuku wa jirani. Ukanipakatisha kile kioo.

"Baba, jaribu hii. Haitaki nguvu. Unapaka wino, unachora, unalaza karatasi juu, unasugua, unabandua."

"Halafu?"

"Halafu ndo unaona umepata nini."

"Yaani mpaka ubandue hujui?"

"Hujui. Ndo raha yake hiyo."

Sikuiona raha yoyote. Sisi wachongaji kazi yetu tunaiona tangu pigo la kwanza, na ukikosea unajua umekosea wapi. Lakini nilikuwa nimechoka kukaa bure, na wewe ulikuwa umenikazia macho, basi nikakubali. Kioo cha kwanza nilikivunja siku ya pili. Nilikwambia ni paka. Haikuwa paka. Nilikandamiza karatasi kwa uzito wangu wote, kama ninavyobana gogo katikati ya magoti, kikalia ta! kikagawanyika vipande viwili. Nikamwonea paka wa watu aliyekuwa amelala zake juani. Naanza na hilo dogo ili nizoee kukwambia ukweli.

Ulinunua kioo kingine bila kulalamika, ukaanza kunifundisha kwa subira ambayo sijui uliitoa wapi, maana si kwangu. Tulianza na majani. Tulipaka wino kwenye jani la mhogo, tukalilaza kwenye karatasi, tukasugua kwa mgongo wa kijiko. Jani langu likatoka bonge jeusi. "Wino mwingi, Baba. Usiupake kama unapaka blubendi." Lako likatoka na mishipa yote. Nikajaribu tena, wino ukawa kidogo mno, nikapata nusu jani. Karatasi za kuchapia mitihani zikawa zinachanika, tukahamia zile nene, tukazilowesha kidogo kwa sponji na kuzilaza chini ya kitabu ziive. Halafu kuna ule mtindo wa kulaza karatasi juu ya kioo chenye wino na kuchora kwa kalamu mgongoni mwa karatasi. Mstari ukatoka laini, wenye manyoyamanyoya. Huo niliupenda. Siku hiyo nilicheka, na wewe ukasimama mlangoni na mwiko mkononi ukinitazama. Sijui kama ulijua kwamba nilikuwa sijacheka tangu mkono ulipokufa.

Ukaniambia kitu kimoja nikaona cha kawaida tu. Ulisema kwenye kazi hii picha nzuri ni moja. Karatasi ya pili inatoka hafifu, ya tatu haina kitu. Huwezi kurudi ukasema nitachapa nyingine kama ile.

Ilipokuja barua ya kupangiwa Kigoma, nikaamua kwamba sitakuacha uende mikono mitupu. Nitakuchapia sura ya mama yako. Umekua bila picha yake hata moja ndani ya nyumba hii. Kila ulipouliza alikuwaje nilikujibu, "Alikuwa kama wewe," ukaacha kuuliza. Nikajiambia, mimi mtu niliyechonga nyuso maisha yangu yote, nitashindwaje uso mmoja niliolala nao karibu miaka saba?

Ukienda kwa rafiki zako au sokoni, mimi natoa kioo. Nilitumia ule mtindo wa kupaka wino kioo kizima kiwe cheusi, halafu unafuta kwa kitambaa na njiti za masikio, unaitoa nuru gizani. Mtindo huo ulikaribiana na kuchonga, kwa sababu unaondoa. Nikaondoa paji la uso. Nikaondoa mashavu. Nikaacha nywele, nikaacha macho, na karibu na mdomo nikaacha kidoti kimoja cheusi, kwa sababu Zainabu alikuwa na kidoti karibu na mdomo na mtu yeyote aliyemwona mara moja alikikumbuka. Nikalaza karatasi. Nikasugua taratibu. Nikabandua.

Alikuwa yeye. Nikamwambia shikamoo, sijui kwa nini, mtu mwenyewe alikuwa mdogo kwangu.

Halafu nikaona kidoti. Nilikichora upande huu, kwenye karatasi kimehamia upande ule. Ulishanifundisha kwamba picha inageuka, na nikasahau kama nilivyokuwa nasahau kila siku, kwa sababu kwenye mti kulia hubaki kulia. Si tabu, nikasema, nitarudia. Nikapaka upya, nikafuta upya, nikakiweka kidoti upande wa pili ili kikigeuka kikae sawa. Nikabandua. Na huyu naye alikuwa yeye.

Nikaziweka karatasi mbili sakafuni. Nikatazama hii, nikatazama ile. Sikujua, Somoe. Sikujua ni shavu lipi. Nikafumba macho nimwone anacheka, anachambua mchele, ananigombeza kwa vumbi la mpingo kwenye shuka. Niliiona shuka. Niliuona mchele. Uso haukuja.

Tangu siku hiyo nimechapa karatasi thelathini na kitu. Ziko chini ya kitanda changu, nimezifunika kwa mkeka. Ile uliyoikuta imeanikwa na vibanio vya nguo ukaniuliza, "Baba, huyu si mie?" nikakujibu si mtu, najaribu tu, ilikuwa mojawapo. Na jicho lako halikukosea. Ni wewe. Zote ni wewe. Macho ni yako, kidevu ni chako, nimekupaka tu kidoti. Sura yake imenitoka kichwani na wewe umekaa mahali pake, na kila ninavyozidi kuchapa ndivyo ninavyozidi kumfuta yeye na kukuchora wewe. Asubuhi ya leo nimejaribu mara sita. Sita, na mkono huu. Ya mwisho nimeibandua, nikaiona, nikaikunja, nikaitupa jikoni kwenye mkaa. Ikawaka kwa mafuta yake, na hapo nikakaa chini kwenye udongo nikalia kama mtoto, kwa sababu si mara ya kwanza kwangu kuutia moto uso wa mama yako.

Nilikwambia kwamba picha zake zilichukuliwa na maji, mwaka ule mafuriko yalipoingia ndani. Maji yaliingia kweli. Yaliharibu magodoro na gunia la unga. Picha hayakuzigusa. Zilikuwa tatu, moja mikononi mwako na mbili ndani ya bahasha juu ya kabati. Nilizichoma mimi.

Ulikuwa na miaka minne. Mama yako alikuwa ametutoka miezi miwili nyuma. Kulikuwa na picha moja ya studio, amekaa na pazia la maua nyuma yake, na wewe ulikuwa huiachi. Unalala nayo. Ukiletewa uji, unaigusisha kijiko mdomoni kwanza, halafu ndipo unakula wewe. Ukawa unaongea nayo. Halafu ukashikwa na homa kali, ukakataa uji kabisa, unaweweseka na picha kifuani. Bibi mmoja jirani, Mungu amrehemu, akaniita pembeni. "Baba Somoe, marehemu anamwita mtoto. Toa hizo picha humu ndani, zote, usibakize. Utazika wawili."

Mimi ningefanya nini? Nilikuwa nimezika mmoja. Nilikunyang'anya ile picha ukiwa umelala, nikachukua na nyingine mbili kwenye bahasha, ya harusi yetu na ile ndogo ya kitambulisho, nikazichoma kwenye jiko la mkaa hapa hapa uani ninapokaa sasa. Halafu nikakubeba mpaka zahanati. Walikutoboa kidole, wakapima. Malaria. Malaria tu, mwanangu. Siku ya tatu ulikuwa unakimbiza kuku.

Ukaanza kumtafuta. Ulitazama chini ya mkeka, nyuma ya ndoo, ndani ya viatu vyangu. Ulikuja na kuniuliza, "Mama kaenda wapi tena?" Lile neno "tena" limekaa na mimi miaka kumi na tisa. Nikakwambia maji yamemchukua.

Hilo ningeweza kukuomba msamaha nikiwa nimekutazama. Nilichanganyikiwa, nilimsikiliza mtu, nilikuwa na hofu. Wazazi wengi wamefanya mambo kwa hofu. Linalonifanya niandike badala ya kusema ni hili la pili.

Mama yako ana mdogo wake, Hawa, anayekaa Kibamba. Wewe umekua ukijua kwamba mama mdogo Hawa alikataa kukulea na akatukimbia tulipokuwa kwenye shida. Nilikwambia mimi ukiwa darasa la tatu, ulipoambiwa shuleni uchore ukoo wenu ukaniuliza kwa nini haji. Nikasema, "Hakukutaka." Hujauliza tena mpaka leo.

Somoe, Hawa alikuja. Alikuja wiki ile ile uliyopona, Ijumaa, amebeba godoro dogo la mtoto kichwani na sare za chekechea kwenye mfuko. Alikuwa hata hajaolewa. Akasema, "Shemeji, nipe mtoto nimlee, wewe uwe unakuja kumwona. Na kama mtoto humtoi, basi nipe hata picha moja ya dada, mie sina." Angeomba chochote kingine! Ningemwambiaje kwamba nimemchoma dada yake kwenye jiko la kupikia? Aibu ilinipanda mpaka kichwani, ikageuka hasira. Nilimtukana. Nikamwambia anataka kuniibia mwanangu. Nikalirusha godoro lake nje ya uzio na nikamwapiza asikanyage hapa tena. Hakukanyaga. Wewe ulikuwa umesimama nyuma ya mguu wangu umeshika suruali yangu.

Unakumbuka msiba wa Mbagala miaka mitatu iliyopita, mwanamke mmoja mnene aliyevaa kanga ya kijani akakufuata na mikono miwili mbele? Ulijua ni nani, mtu alishakunong'oneza. Ukampita. Wewe, mtoto ambaye unamwamkia hata kichaa wa sokoni, ulimpita ndugu wa tumbo moja na mama yako bila shikamoo. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa wanaume, naona. Yeye akabaki na mikono yake hewani, halafu akajifanya anatengeneza kanga. Ningeweza kuinuka. Nilikuwa na miguu miwili mizima. Nikaomba maji ya kunywa.

Wakati wa kuondoka alinifuata nje, akanitia kijikaratasi mfukoni chenye namba ya simu. "Siku akiniulizia," akasema. Nimekaa nacho miaka mitatu na sikukwambia.

Sikujifunza haya kwa hekima. Ningekuwa na mkono wangu wa zamani ningeendelea kuchonga na kunyamaza mpaka siku ya kufa. Nilichojifunza, kama kinafaa kuitwa hivyo, ni kwamba nilidhani naficha karatasi tatu, kumbe nilikuwa nakutoa wewe kwa watu wako, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukabaki na mimi peke yangu. Na nilipenda, mwanangu. Hilo ndilo linaloniumiza. Nilipenda kwamba huna mwingine.

Leo saa nne, baada ya ile karatasi ya sita kuungua, nilimpigia. Ilikuwa sauti ya mama yako. Nilikuwa nimesahau kwamba sauti zao zilifanana, nusura nikate simu.

"Nani?"

"Mie. Shemeji yako. Wa Chamazi."

"Mtoto yuko salama?"

"Yuko salama. Kesho anakwenda Kigoma, kapata kazi."

"Alhamdulillahi. Sasa unataka nini kwangu?"

Nikamweleza yote kwa pumzi moja, mkaa, maji, nilichokwambia juu yake. Mwisho nikamuuliza lile lililonitesa wiki zote hizi, kidoti cha Zainabu kilikuwa shavu lipi.

"Hilo hulipati kwangu," akasema. "Ulikuwa naye ndani, ukamchoma. Mwanao atajua, wewe hapana."

"Atajuaje?"

"Baada ya siku ile nilikwenda Newala kwa mama. Dada alimpelekea picha akiwa na mimba ya Somoe. Mama alipokufa nikaichukua. Ninayo. Kila Idi naitoa naifuta vumbi, naisubiri siku hii. Mlete."

"Mimi siwezi kuja, Hawa."

"Nani kakuita wewe? Kwangu panajulikana, ashuke Kibamba aulizie kwa Hawa wa mgahawa. Alale hapa leo. Asubuhi stendi ya Mbezi ni pua na mdomo. Na usimwambie kitu cha kujisafisha, yaliyobaki nitamwambia mwenyewe."

Kwa hiyo nakuomba usilale hapa leo. Najua tulipanga tule wali wa nazi pamoja, na kuku nimeshamnunua. Achana naye. Begi lako nimelitoa nimeliweka sebuleni, na namba ya Hawa nimeiandika nyuma ya bahasha hii. Nimekuwekea pia zile karatasi zangu, zote, si kwa sababu ni nzuri. Ukishamwona mama yako utaona mwenyewe nilikosea wapi, na ukitaka kuzitupa zitupe huko huko.

Hawa atakuambia mambo mengine ambayo sikuyaandika, kwa sababu yeye anayakumbuka na mimi nimejitahidi kuyasahau. Siku ile ya godoro nilimwinulia mkono. Atakuambia na hilo. Usiniulizie upande wangu. Yote atakayokuambia ni kweli.

Sikuombi unisamehe leo kwa sababu basi ni kesho. Msamaha wa haraka haraka hautakuwa wako, utakuwa wa kunionea huruma, na huruma yako nimeila miaka mingi bila haki. Kasirika. Kasirika njia nzima mpaka Kigoma, njia ni ndefu. Mimi nitakuwa hapa nje wakati unasoma. Ukitoka na begi ukanipita bila kuniaga, sitakuita, nitakuwa nimeelewa.

Ila ukifika nipigie simu, mama. Hata kama ni ya kunitukana, piga.

Baba yako